Madaraja Mawili ya Mto Tolenus

Tarehe 11 Juni ndiyo siku ya kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 90 K.K. kwenye Mto Tolenus, ambao leo huitwa Turano, kaskazini mashariki mwa Roma. Vitabu vingi huyapitia mapigano hayo kwa mstari mmoja vikikimbilia Hannibal na Spartacus, ingawa yaliiondolea Roma konsuli wake, yaani mmoja wa watawala wawili wakuu waliochaguliwa kila mwaka.

Chanzo cha vita ambavyo mapigano hayo yalikuwa sehemu yake kinajulikana: washirika, yaani miji na makabila ya Italia yaliyoipa Roma askari bila kupewa uraia wake, waliasi baada ya kuuawa kwa Marcus Livius Drusus, aliyekuwa akiwatetea, mwaka 91 K.K.

Kisichosimuliwa vya kutosha ni mfarakano wa Warumi wenyewe. Konsuli Publius Rutilius Lupus alikuwa na naibu aliyekuwa pia jamaa yake, Gaius Marius, jemadari mkongwe aliyekwisha kuwa konsuli mara sita, ambaye alimsihi asubiri hadi askari wapya wafunzwe. Rutilius akashuku hila, akampuuza. Kwa maelezo ya Appian, mwanahistoria wa karne ya 2 B.K. aliyezaliwa Alexandria nchini Misri, kila mmoja alijenga daraja lake, naye Vettius Scato, kamanda wa waasi, akapiga kambi mkabala na daraja la Marius, kisha usiku akaficha wapiganaji makorongoni karibu na lile la Rutilius. Asubuhi Rutilius alivuka, akavamiwa, akajeruhiwa kichwani na kufa, na askari wake wengi wakasukumwa majini. Marius, aliyekuwa chini zaidi ya mto, aliyatambua hayo alipoona maiti zikielea, akavuka na kuiteka kambi ya Scato iliyoachiwa walinzi wachache.

Maiti ya konsuli ilipofikishwa Roma, simanzi ilikuwa kubwa hata Seneti ikaamuru wanaokufa vitani wazikwe hukohuko, ili wengine wasiogope kwenda. Amri hiyo ya kuficha hasara husahauliwa kirahisi na wanaoisifu Roma. Wala Marius hakukabidhiwa jeshi lote, kwani sehemu alipewa Quintus Servilius Caepio, ambaye aliingia mtegoni na kuuawa.

Kabla ya mwaka kwisha, sheria ya konsuli mwenza wa Rutilius, Lucius Julius Caesar, iliwapa uraia washirika ambao hawakuasi. Mwaka 89 K.K. sheria nyingine iliufungua kwa wengine walioishi Italia, mradi wajiandikishe ndani ya siku 60.