Kiyama Kilichotangulia: Riwaya za Mwisho wa Dunia na Visiwa vya Wabajuni

Binamu yangu ana miaka 15, na kitabu alichokwisha kukisoma mara tatu ni The Hunger Games cha Suzanne Collins, kilichotoka mwaka 2008. Nilimwuliza kinampendezea nini. Akajibu kwamba anapenda kuwaza dunia itakavyokuwa baada ya kuharibika. Bibi yetu alikuwa papo hapo mkekani akichambua mchele. Bibi alizaliwa Chula, kimoja cha visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayu, na mwaka 1991 alipanda jahazi usiku akiwa na watoto wanne na sufuria moja. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyeona haya, maana nasoma historia mwaka wa tatu na nilikuwa sijamwuliza hata siku moja.

Insha hii nimeiandika kwa ajili ya binamu yangu, na pia kwa mjomba wangu ambaye nitamtaja mbele. Inapendekeza riwaya za kiyama na riwaya za distopia, yaani zile zinazosimulia nchi iliyoharibika na watu wanaolazimishwa kuishi ndani ya uharibifu huo. Hoja yangu ni kwamba mtu wa visiwani akizisoma riwaya hizi kama utabiri atazikosea. Sisi ni watu ambao kiyama kimewapitia zaidi ya mara moja, kisha wakaamka asubuhi kutafuta maji.

Nianze na Faza, mji mkubwa wa Wabajuni katika kisiwa cha Pate, upande wa Kenya. Mwaka 1587 Wareno waliuteketeza mji huo, wakaua wakazi wake na kukata hata minazi. Anayekata mnazi hataki kuwashinda walio hai tu. Anataka hata watakaozaliwa wasipate cha kuchuma. Sijaona mwandishi wa distopia aliyebuni adhabu iliyofikiriwa zaidi. Baadaye, katika kisiwa hicho hicho, Pate yenyewe ilianguka, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akatunga Al-Inkishafi, utenzi unaoyatazama majumba ya matajiri yaliyobaki magofu. Huo ndio ningependa kila msomaji aanze nao, kijana au mtu mzima, kabla ya riwaya yoyote. Ni mfupi, na ni wa kwetu. Na magofu ya mawe hayako Pate peke yake. Yako pia katika visiwa vya upande wa Somalia, na mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachunguza mwishoni mwa miaka ya 1960. Bibi anasema wao utotoni walicheza humo bila kuuliza yalijengwa na nani.

Kwa watu wazima, kitabu cha pili ni Sweet and Sour Milk cha Nuruddin Farah, cha mwaka 1979. Ni cha kwanza katika riwaya tatu kuhusu udikteta. Vingine ni Sardines (1981) na Close Sesame (1983). Loyaan anachunguza kifo cha pacha wake Soyaan, mtumishi wa serikali, na anakuta dola imekwisha kumfanya marehemu kuwa shujaa wake, imemtungia hata maneno ya mwisho. Hiyo ni Somalia ya Siad Barre, aliyetwaa madaraka Oktoba 1969. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, kisha ikafuata kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Siwezi kuikejeli kampeni hiyo, kwani watu wengi walijua kusoma kwa mara ya kwanza. Lakini mtoto wa Chula au Koyama, ambaye nyumbani alisema Kibajuni, darasani lugha ya mama yake haikuwapo. Farah hakuandika habari za Wabajuni, ila ukimsoma utaielewa hofu ya zama zile, pale mtu alipopunguza sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hapo ndipo riwaya nyingi za distopia zinapoishia: serikali iko kila mahali, ina macho mengi. Historia ya pwani ya Kismayu inaendelea mbele ya hapo. Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na serikali ikawa haiko popote. Wenye bunduki walivamia visiwa, wakachukua mashua, nyavu na injini. Wengi wetu wakakimbilia Kenya kwa majahazi, wakawekwa katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa, kambi ambayo ilifungwa kabla ya muongo ule kwisha. Waliorudi, wengi wao walikuta bahari yao ina wenyewe wapya, wakawa vibarua wa kuvua kamba kwa ujira wa mwenye chombo. Kismayu nayo ikawa inapita mikononi mwa kundi hili na lile: Mahakama za Kiislamu mwaka 2006, al-Shabaab mwaka 2008, majeshi ya Kenya na washirika wao mwaka 2012. Mwaka huo huo wa 2012 Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku mkaa wa Somalia, na mji ulipotekwa magunia ya mkaa yalikutwa yamerundikana kwa mamilioni, yakingoja meli za kwenda Ghuba. Misitu ya bara imechomwa ili watu wa mbali wavute shisha! Mwandishi akibuni jambo hilo katika riwaya ataambiwa amezidisha.

Basi narudi kwa The Hunger Games, ambayo sasa naiheshimu kuliko nilivyoiheshimu kabla ya kuizungumza na Bibi. Katika nchi ya Panem, mtoto maskini huruhusiwa kuongeza jina lake katika bahati nasibu ya kifo ili nyumba yao ipewe nafaka. Nilimsimulia Bibi sehemu hiyo. Akaniambia kwamba Jomvu, mama aliyefiwa na mtoto alikawia kusema, kwa sababu kadi ya posho ilihesabu vichwa. Binamu yangu aliacha kutafuna. Pia nilimkumbusha kwamba Wilaya ya 4 katika kitabu chake ndiyo ya wavuvi, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kwa vijana, basi, kitabu hiki kisome, lakini kisome karibu na mtu mzima wa nyumbani.

Lord of the Flies cha William Golding (1954) sikipendekezi sana, ingawa shuleni hupewa vijana mara nyingi. Humo kisiwa ndipo mahali ambapo utu unaisha, na meli ndiyo inayouleta tena. Kwetu meli ndizo zilizoleta mizinga, na kisiwa ndicho kilichokuwa kimbilio la watu wa bara waliposhambuliwa. Ukikisoma, kisome ukibishana nacho.

Sasa mjomba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alifika nchi moja ya Ulaya kuomba hifadhi. Alitakiwa kutaja visiwa kwa mpangilio, kisha akazungumzishwa kwa simu na mtu asiyemwona, ili lahaja yake ipimwe. Alikuwa ameishi Mombasa miaka tisa, kwa hiyo Kitikuu chake kilishaingia Kimvita. Jibu likaja: huyu ni Mkenya. Kenya nayo haikuwahi kumpa kitambulisho. Wabajuni wengi wamepita katika mtihani wa namna hiyo, Uingereza na kwingineko, na ni kweli kwamba walikuwapo pia wasio Wabajuni waliojidai kuwa Wabajuni, sitaficha hilo. Lakini mtihani unaodhani kwamba mkimbizi hubeba lahaja yake kama jiwe, isibadilike kambini wala sokoni, hauijui historia ya lugha yoyote.

Kwa mjomba nimependekeza Nineteen Eighty-Four cha George Orwell (1949). Winston Smith anafanya kazi ya kusahihisha magazeti ya zamani ili yaafikiane na uongo wa leo, na serikali inapunguza maneno ya lugha ili mawazo nayo yapungue. Mjomba alikisoma wiki mbili, polepole, na kamusi pembeni. Aliponirudishia alikuwa amepigia mstari sehemu moja tu, pale Winston anapojiuliza kama kumbukumbu yake mwenyewe inatosha kuwa ushahidi. Anayeona kitabu hicho kizito aanze na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967.

Kwa Kiswahili tunazo riwaya zetu, na nasikitika kwamba nilizijua chuoni tu. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inafaa sana kwa kijana: Dzombo anahukumiwa kufa, anarushwa angani ndani ya chombo, na anafika nchi ambayo jina lake lenyewe ni fumbo, wale ni sisi. Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986. Alijua hukumu ni nini. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ni ya watu wazima, hasa wenye vyeo. Na Mzingile ya Euphrase Kezilahabi (1991), inayofuata Nagona, ni ngumu. Nimeisoma mara mbili na bado sehemu nyingine zinaniteleza. Inafika mahali ambapo dunia imekwisha kuangamizwa na waliobaki ni wachache mno.

Usiku mmoja nilimsimulia Bibi hiyo ya Kezilahabi, kadiri nilivyoielewa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na hao waliobaki, maji walichota wapi?"

Nikasema kitabu hakikunishughulisha na hilo. Akaanza kunieleza visima vya Chula, kimoja kimoja, kipi cha maji ya chumvi, kipi cha kunywa, na nani alikuwa na zamu asubuhi. Binamu yangu akachukua daftari langu la historia na kuanza kuandika.