KDE, Qt na leseni iliyozua kizaazaa

Wiki jana nilikuwa natayarisha mradi wangu niutoe chini ya leseni ya GPL, mara nikagundua ndani yake kuna maktaba ya msimbo ambayo sikuwahi kusoma leseni yake. Jasho likanitoka kidogo. Nikakumbuka kisa cha KDE.

Oktoba 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi huko Ujerumani, aliwaita wenzake watengeneze eneo-kazi ambalo hata asiye fundi angeweza kulitumia kwenye Linux. Kwa kuchora madirisha na vitufe wakachagua Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ya Norwei. Qt ilikuwa nzuri kweli, tena bila malipo kwa waandishi wa programu huria. Lakini bure si huria: leseni yake haikuruhusu usambaze Qt uliyoirekebisha. KDE nayo ilitolewa kwa GPL, inayotaka programu nzima, pamoja na maktaba iliyounganishwa nayo, igawanywe kwa masharti yake. Leseni mbili zikagongana.

Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Meksiko wakaanzisha GNOME ili kuikwepa Qt. Oktoba 1998 Debian ikatangaza kwamba inaiondoa KDE.

Utauliza, si waandishi wa KDE wangeongeza tu sentensi moja ya kuiruhusu Qt? Kwa msimbo wao wenyewe, sawa. Lakini KGhostview, kwa mfano, ilijengwa juu ya Ghostview, kazi ya mtu mwingine iliyotolewa kwa GPL. Ruhusa hiyo ni yake kuitoa. Mradi hauwezi kumsemea. Hapa ndipo wengi wetu huteleza (nami nimo): tunachukua faili ya mtu kwa kuwa "ni huria tu", halafu tunaiunganisha na kitu ambacho mwenyewe hakukikubali.

Mwaka 1999 Trolltech ilitoa Qt 2.0 kwa leseni mpya, QPL. Hii ilikuwa huria, ila bado haikupatana na GPL. Septemba 2000 ndipo Qt 2.2 ikatoka kwa GPL yenyewe, na Debian ikaikaribisha KDE tena. GNOME ilikuwa imeshakua, na mpaka leo zote mbili zipo.

Mimi nimemwandikia mwenye ile maktaba. Asiponijibu, nitaandika upya sehemu hiyo mwenyewe. Ni mistari kama 200 hivi.