Kuomba bila Kuomba: Fedha za Shule na Misheni Ufukweni mwa Ziwa Mweru

Katika mijadala ya vyuo na mashirika yasiyo ya kiserikali ya ukanda wetu limezoeleka dai kwamba uchangishaji wa kitaalamu ni mambo ya juzi: uliletwa miaka ya 1990 na washauri elekezi, pamoja na andiko la mradi, mpango mkakati na semina za uongozi hotelini. Dai hilo haliwezi kusimama mbele ya ushahidi wa Ziwa Mweru. Ufukwe huo, wenye Nchelenge na Kashikishi upande wa Zambia na Luanza upande wa Kongo, uliishi kwa fedha za wafadhili wa mbali tangu mwisho wa karne ya 19, na mbinu zilizozileta zilikuwa zimepevuka tayari. Chanzo cha kuthibitisha hilo kimo maktabani miaka yote, ila tumekisoma upande mmoja. Ni vitabu vya wamisionari wenyewe. Wanahistoria wamevipekua wakitafuta habari za watawala Msiri na Mwata Kazembe na za biashara ya watumwa, na kwa kazi hiyo vimefaa. Lakini kabla ya kuwa hazina ya mila na tarehe, vilikuwa maandiko ya kutafuta fedha, na vikisomwa hivyo vinaonyesha ni nani hasa aliyekuwa na sauti katika shule na misheni za huko.

Mwanzo wa historia hiyo unajulikana na hauhitaji kurefushwa: misafara ya biashara ya Tabora na pwani, Msiri Mnyamwezi na dola yake ya Bunkeya huko Katanga, Livingstone kuliona ziwa mwezi Novemba 1867. Frederick Stanley Arnot, mmisionari Mskoti wa kundi la Kikristo la Plymouth Brethren, alifika Bunkeya mwaka 1886. Hapo ndipo palipo na jambo la kutulia nalo, kwa sababu watu wa kundi hili walikuwa na kanuni ya ajabu kuhusu fedha. Hawakuwa na mshahara wala bajeti, na walijikataza kumwomba binadamu yeyote senti moja. Waliomba kwa Mungu tu. Kanuni hiyo ilikuwa imepata sifa kupitia George Müller, aliyeendesha vituo vikubwa vya yatima mjini Bristol kwa msingi huohuo. Ila Müller alichapisha taarifa kila mwaka, akieleza siku ambazo chakula kilikaribia kwisha na jinsi zawadi ilivyoingia saa ya mwisho. Wamisionari wa Afrika nao walikuwa na jarida lao, Echoes of Service, lililohaririwa mjini Bath: barua zao zilichapwa humo, na wahariri haohao walipokea michango na kuipeleka. Kwa hiyo ombi halikutamkwa, lakini kila msomaji alijua shida ilipo na mahali pa kutuma fedha.

Mfuasi wa kanuni hii atapinga, na pingamizi lake linastahili kusikilizwa. Atasema Arnot na wenzake walikaa miezi mingi bila barua wala bidhaa, na kwamba mtu anayetaka fedha hachagui njia ngumu namna hiyo. Ni kweli, na mwanahistoria Robert Rotberg, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu Brethren na kutwaliwa kwa Katanga, hakuwaonyesha kama watu wa anasa. Sina shaka na unyofu wao. Hata hivyo unyofu haufuti matokeo. Arnot alirudi Uingereza mwaka 1888, kitabu chake Garenganze kikatoka mwaka 1889, na mwaka huohuo akasafiri tena kuja Afrika akiwa na kundi jipya la vijana, Dan Crawford akiwa mmoja wao. Crawford alihamia Mweru baada ya Msiri kuuawa Desemba 1891, akaanzisha Luanza mwaka 1894, na hakurudi kwao hadi mwaka 1911. Kitabu chake Thinking Black kilitoka mwaka 1912, naye akazunguka Uingereza, Marekani na Australia akihutubia. Miaka 22 bila likizo ilitajwa katika jina lenyewe la kitabu. Mshauri wa leo angelipwa vizuri kwa kubuni jina kama hilo.

Kanuni ya kutoomba ilikuwa na tunda jingine ambalo wakosoaji wa Brethren hulipita. Kwa kuwa hapakuwa na kamati ya kumwajiri, Crawford hakuwa na mkubwa wa kumwamuru. Luanza ilikua kuwa mji wa watu waliokimbia vurugu baada ya kuanguka kwa Bunkeya, nao wakampa jina la Konga Vantu, mkusanya watu. Wafadhili wake walikuwa waumini wadogowadogo waliotawanyika, na hakuna hata mmoja aliyetoa kiasi cha kumwezesha kudai mtaala fulani au ripoti ya robo mwaka. Uhuru huo ulikuwa na hatari zake, kwani ulimwacha mtu mmoja akitawala mji mzima kama chifu. Lakini ulikuwa uhuru, na taasisi nyingi zenye bodi na wakaguzi haziupati.

Mbereshi, kusini-mashariki mwa ziwa, ilifuata njia nyingine. London Missionary Society iliyoifungua mwaka 1900 ilikuwa na wakurugenzi London, bajeti na posho. Mabel Shaw alifika mwaka 1915 akajenga shule ya bweni ya wasichana aliyoiongoza hadi mwaka 1940. Mwanahistoria Sean Morrow, katika makala ya mwaka 1986, ameeleza vizuri jinsi Shaw alivyochanganya mila za wenyeji na Ukristo wake, na jinsi alivyoyashika maisha ya wanafunzi hadi kwenye ndoa zao. Ningeongeza kwamba kitabu chake God's Candlelights cha mwaka 1932 kilimpa nguvu mbele ya wakubwa wake pia: shule iliyojulikana na kupendwa na wasomaji wa Uingereza haikuwa rahisi kuibana.

Kisha wakaja wataalamu. Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulituma tume yake ya pili Afrika mwaka 1924, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, James Aggrey wa Gold Coast akiwamo. Ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ikapendekeza elimu ya kijijini na walimu wa kuzungukia shule kwa mfano wa Jeanes wa kusini mwa Marekani. Mwaka uliofuata chuo cha Jeanes kilifunguliwa Kabete, Kenya, kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani, na J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume, akawa mkuu wake wa kwanza. Huu ndio ushauri elekezi kamili: mgeni anapita, anaandika ripoti, fedha zinafuata ripoti, na mwandishi wa ripoti anapata kazi. Wanaousifu husema uliilazimisha serikali ya Rhodesia ya Kaskazini kuanzisha idara ndogo ya elimu ya Waafrika mwaka 1925. Sawa. Lakini aina ya elimu iliamuliwa na waliowahi kuwaamulia Wamarekani weusi, na mzazi wa ufukwe wa Mweru hakuulizwa.

Mzazi huyo naye alikuwa mchangiaji. Vituo vya misheni vilisimama kwa matofali, miti, chakula na mabega ya wapagazi, na baadaye kwa fedha ya samaki waliouzwa katika migodi ya Katanga. Kwenye vitabu vya kutafuta fedha, kazi hiyo inaonekana kama tunda la mahubiri, haihesabiwi kuwa mchango. Kwa mtazamo huu, uchangishaji wa kujenga Chuo Kikuu cha Zambia baada ya uhuru ni tukio kubwa kuliko hesabu zake. Kamati ya Sir John Lockwood ilikuwa imependekeza chuo hicho kianzishwe, nchi ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi mia moja na kidogo, na wananchi wakaombwa waziwazi, kwa majina yao, wakatoa fedha, mahindi na kuku. Wapo wanaokumbusha kwamba gharama kubwa ilibebwa na serikali na nchi za nje. Hesabu yao ni sahihi, ila Phelps-Stokes nayo haikulipia shule zote ilizozipangia njia. Wanafunzi 312 wa kwanza walianza masomo Machi 1966, na mkulima aliyetoa debe la mahindi alikuwa na haki ya kuuliza wanafundishwa nini.