Hesabu ya Udongo: Kutoka Urambo Hadi Ziba

Ndugu wana-Ziba na marafiki wote wa Ziba,

Kabla ya kuomba mchango wenu wa mwaka huu, tunaanza na hesabu inayotuuma. Misimu michache iliyopita tulichanga, tukanunua mbolea, tukaigawa sawa kwa sawa kwa kaya tulizoziorodhesha. Kwenye daftari kila shilingi ilionekana. Shambani, wengine walivuna vizuri, wengine hawakuona tofauti yoyote. Hatukuweza kueleza sababu, kwa kuwa hatukupima udongo.

Kosa hili si geni mkoani kwetu. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Wataalamu waliotumwa mwaka 1946 waliizunguka nchi kwa wiki chache tu. Matrekta yakafika kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Kongwa, ardhi ilipokauka ilishika kama tofali. Mradi ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36.

Wazee wetu hawakulima kwa kubahatisha hivyo. Waliijua luseni, ule mchanga wa juu, wakaijua itogolo chini yake, kisha mbuga nyeusi bondeni, na kila udongo waliupa zao lake. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliueleza mpangilio wa namna hiyo wa kutoka mlimani hadi bondeni na kuupa jina la katena. Leo jina hilo linatumika duniani kote.

Kituo cha Ukiriguru, Mwanza, kinachojulikana zaidi kwa mbegu za pamba za UK, nacho kilifanya majaribio ya samadi kwenye udongo wa kichanga. Yalionyesha kuwa faida ya samadi haiishii msimu mmoja, huendelea kuonekana kwa miaka. Nasi wenye maboma ya ng'ombe tunaiacha ilundikane!

Hatua ya karibuni zaidi imetoka kwenye kahawa. Mwaka 1990 watafiti walichapisha njia ya hesabu iitwayo QUEFTS, iliyotokana na majaribio ya mahindi nchini Kenya. Watafiti wa kahawa wa TaCRI, Lyamungu, waliirekebisha kwa ajili ya mibuni, wakitumia mashamba ya Hai na Lushoto, wakaiita SAFERNAC. Udongo hupimwa maabara, kisha hesabu hukadiria naitrojeni, fosforasi na potasiamu ambazo shamba linaweza kuutolea mmea, na mavuno yanayotarajiwa. Kirutubisho kilichopungua zaidi ndicho kinachozuia mavuno. Ukikosa fosforasi, kuongeza naitrojeni peke yake ni kutupa fedha.

Kahawa hatulimi Ziba, lakini kanuni hiyo haibagui pamba, mahindi wala mpunga. Kwa lugha yetu ya uhasibu, udongo ni akaunti. Kila gunia la mahindi linalopanda lori ni fedha iliyotolewa, na samadi, mabaki ya mazao na mbolea ndiyo amana. Tumetoa kwa vizazi bila kuomba taarifa ya salio.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi fedha za mbolea kwanza. Tunaomba fedha za kupima. Katika kila shamba udongo utachukuliwa sehemu kadhaa, kina cha sentimita 20, mbali na boma la zamani na kichuguu, uchanganywe kwenye ndoo safi na kupelekwa maabara. Majibu yatasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, kisha ndipo tutakaponunua kinachokosekana, na si zaidi.

Wengi wetu tuliopo mjini tulisomeshwa na pamba iliyotoka kwenye udongo ule. Tulichukua. Sasa ni zamu yetu kurudisha, na tuanze kwa kujua deni ni kiasi gani.

Karibuni tuchange.