Helen Mayberg: Daktari anayeitafuta sonona kwenye 'nyaya' za ubongo

Mgonjwa wa sonona huambiwa ajikaze, atoke nje, aache kuwaza sana. Dkt. Helen Mayberg, bingwa wa mfumo wa fahamu kutoka Marekani, anaamini tatizo liko kwingine: sehemu za ubongo zinazotakiwa kuwasiliana haziwasiliani inavyopasa.

Kazi yake imewapa nafuu baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamejaribu kila tiba. Pia imewahi kukwama vibaya, na kukwama huko kulifundisha mengi.

Eneo la 25 ni nini?

Mwaka 1909, mtaalamu wa Ujerumani Korbinian Brodmann aligawa uso wa ubongo katika maeneo yenye namba. Namba 25 ni kipande kidogo kilicho ndani, katikati, nyuma ya paji la uso.

Mwaka 1999, Mayberg na wenzake walichapisha utafiti wa picha za ubongo. Watu wenye afya walipokumbuka jambo la huzuni, eneo la 25 lilichangamka, huku sehemu za mbele zinazohusika na kufikiri zikipoa. Wagonjwa wa sonona walipopona, mambo yaligeuka: eneo la 25 lilipoa na sehemu za mbele zikaamka.

Kwa maneno mengine, sehemu hizi ni kama bembea. Moja ikipanda, nyingine inashuka. Kwenye sonona kali, bembea imekwama upande mmoja.

Upasuaji wa Toronto

Je, inawezekana kuikwamua kwa umeme? Wakati huo madaktari walikuwa tayari wanatumia umeme mdogo ndani ya ubongo kutibu ugonjwa wa Parkinson. Nyaya nyembamba hupitishwa kwenye fuvu, kisha huunganishwa na kifaa chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua.

Huko Toronto, Canada, Mayberg na daktari wa upasuaji Andres Lozano waliwafanyia hivyo wagonjwa 6 ambao dawa, tiba ya mazungumzo na hata tiba ya mshtuko wa umeme hazikuwa zimewasaidia. Wagonjwa walikuwa macho. Umeme ulipowashwa, baadhi walisema wamepata utulivu wa ghafla na kwamba rangi za vitu chumbani zimekolea.

Baada ya miezi 6, wagonjwa 4 kati ya 6 walikuwa na nafuu kubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005.

Kisha mambo yakakwama

Likafuata jaribio kubwa Marekani, lililoitwa BROADEN, la wagonjwa 90. Wote walipandikizwa kifaa, ila wengine hakikuwashwa miezi 6 ya mwanzo, bila wao kujua.

Matokeo: asilimia 20 ya waliowashiwa walipata nafuu, na asilimia 17 ya ambao hawakuwashiwa. Hakuna tofauti ya maana. Jaribio likasimamishwa kabla ya kukamilika.

Lakini wengi waliendelea kubaki na kifaa, safari hii kikiwa kimewashwa. Baada ya miaka 2, karibu nusu yao walikuwa na nafuu kubwa.

Kumbe ni nyaya, sio eneo tu

Timu ya Mayberg ikawachunguza upya wagonjwa waliopona, kwa picha za MRI zinazoonyesha njia za mawasiliano ndani ya ubongo. Wakagundua kwamba waliopona walikuwa wameguswa mahali zinapokutana njia 4 zinazounganisha eneo la 25 na sehemu nyingine. Kukosea kwa milimita chache kunatosha kuzikosa.

Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wagonjwa 11 waliopandikizwa kwa kufuata ramani ya njia za ubongo wa kila mmoja. Baada ya mwaka 1, wagonjwa 9 walikuwa na nafuu kubwa.

Mwaka 2023 ukaja utafiti mwingine wa wagonjwa 10. Baada ya wiki 24, wagonjwa 9 walikuwa na nafuu kubwa na 7 kati yao hawakuwa tena na sonona. Kifaa kilinasa pia mawimbi ya ubongo, na kompyuta ikaweza kutofautisha ubongo mgonjwa na uliopona. Mgonjwa mmoja alipougua tena, mawimbi yake yalikuwa yameshabadilika wiki kadhaa kabla.

Je, ni tiba ya kila mtu?

Hapana. Tafiti hizi mbili za mwisho ni ndogo na hazikuwa na kundi la kulinganisha. Upasuaji wenyewe una hatari ya maambukizi na kuvuja damu kwenye ubongo. Bado ni tiba ya utafiti, kwa wale ambao njia nyingine zote zimeshindikana.

Kwa wagonjwa walio wengi, dawa na tiba ya mazungumzo ndizo za kuanza nazo. Mayberg anaendelea na utafiti katika hospitali ya Mount Sinai, New York.