Kuvuka Ruvuma Kufuata Mkonge

Anayechunguza historia ya ajira za ng'ambo ya mpaka huishia kwenye majalada ya serikali: mikataba, vyeti vya daktari, orodha za waliosafirishwa. Humo mfanyakazi huonekana kama mtu aliyepokelewa, akapimwa, akapangiwa kazi. Wamakonde wa Msumbiji waliovuka mto Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika enzi za Waingereza hawakai vizuri ndani ya majalada hayo. Naamini hatua zilizowalinda zaidi ni zile walizozipanga wenyewe kwa wenyewe, kabla karani yeyote hajawauliza jina.

Hadi 1929 Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Niassa, wafanyabiashara waliopewa mamlaka ya kutoza kodi na kukamata watu kwa kazi ya shuruti. Kampuni iliondoka, shuruti ikabaki chini ya serikali ya Kireno, na kuanzia 1938 wakulima wakazidi kulazimishwa kulima pamba kwa bei ambayo hawakuwa na kauli juu yake. Upande wa pili wa mto palikuwa na mkonge. Mmea huo uliletwa na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Katika miche elfu moja ilisalia 62 tu, lakini kutokana na hiyo yakaenea mashamba kutoka Tanga hadi Lindi, na mashamba yalikuwa na njaa ya watu.

Milango ya kuingilia ilikuwa miwili. Manamba alitia dole gumba kwenye mkataba mbele ya ofisa, akapimwa afya, akalishwa na kusafirishwa hadi shamba asilolichagua. Kuanzia 1944 kazi ya kuwakusanya watu wa namna hiyo ilishikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Manamba akitoroka, alikuwa mhalifu. Aliyekuja kwa miguu yake alichukua kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa iliwekewa alama, na kipande kilipojaa alilipwa, akaamua kubaki au kuhamia kwingine. Uhuru huo ulikuwa na faida kwa mwenye habari tu: shamba gani lina mnyapara mkali, wapi posho hupunjwa, nani atamlaza mgeni siku za mwanzo. Habari hizo zilikuwa kwa ndugu na majirani waliotangulia, na ndiyo maana kumtafuta aliyewahi kwenda kulikuwa hatua ya kwanza ya safari.

Wapo watakaosema kwamba nausifu upweke wa msafiri. Hoja yao ina uzito. Orde-Browne, aliyeongoza Idara ya Kazi ilipoanzishwa 1926, alisisitiza kambi za kupumzikia na huduma za afya njiani kwa sababu njaa na maradhi yaliwaangamiza watembeao mwendo mrefu. Sina sababu ya kuidharau kazi hiyo. Ila kumpa mtu chakula na dawa hakukuhitaji kumtishia jela akiacha kazi. Vitu hivyo viwili vilifungwa pamoja kwa sababu mwenye shamba alitaka kurudisha gharama zake. Mwaka 1939 Shirika la Kazi Duniani lenyewe lilipitisha mkataba wa kutaka adhabu za jinai kwa wafanyakazi wenyeji wanaovunja ajira ziondolewe.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kipande nacho kilikuwa kamba. Aliyeugua akiwa amebakiza siku tano hakuwa na mshahara mkononi, na hakuna daktari aliyewajibika kwake kwa mkataba. Ni kweli, na hapo ndipo panapoonekana kwa nini jamaa walikuwa na thamani kubwa kuliko karatasi: mgonjwa alihitaji mtu wa kumpikia na kumkopesha hadi alama zitimie. Msaada wa aina hiyo ukirudiwa mwaka hadi mwaka huzaa chama, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Vyama vya Wamakonde waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Tanganyika na Kenya viliingia katika kuundwa kwa MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuwa FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji.