Miche ya Tikiti Maji na Baridi: Sifa Moja au Nyingi?

Uhimilivu wa baridi katika miche ya tikiti maji huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni sifa moja, ambayo mche ama unayo ama hauna. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Baridi huudhuru mche kwa njia kadhaa, na mbegu iliyosifiwa kwa kuishinda njia moja inaweza kumwangusha mkulima kwa nyingine.

Tikiti maji ni zao la Afrika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa matikiti yanayolimwa leo ni matikiti ya Kordofan, nchini Sudan. Hali ya joto ya huko bado imo ndani ya mbegu: huota vizuri udongo ukiwa na nyuzijoto 25 hadi 35, na chini ya 15 aghalabu huoza kabla ya kuchipua. Mche nao huanza kuumia hewa ikishuka chini ya nyuzijoto 10 hivi, wakati barafu bado iko mbali.

Hebu tuutazame mche wenye majani mawili au matatu, jua linapochomoza baada ya usiku wa namna hiyo. Udongo umelowa, lakini majani yamelegea kama ya mche wenye kiu. Mizizi iliyopoa hupitisha maji kidogo, ilhali majani yaliyopigwa na jua yanaendelea kutoa mvuke. Ndani ya seli, mafuta ya utando yamekakamaa na chumvi zinavuja. Mwanga nao unageuka adui: usanisinuru umezorota, na nishati isiyotumika huzalisha oksijeni ya aina inayounguza seli. Baada ya siku moja au mbili kingo za majani hupauka na kukauka. Mkulima anayeongeza maji ya baridi kwa kudhani shamba ni kavu huzidi kuipooza mizizi.

Mizizi, utando na mwanga, basi, ni mambo matatu tofauti, na tiba ya moja si tiba ya yote. Japani ilianza kubebesha tikiti juu ya mimea mingine ya jamii ya maboga katika miaka ya 1920, ikikusudia kuzuia mnyauko fuzari. Baadaye ilibainika kwamba mizizi ya boga huendelea kufyonza maji vizuri zaidi katika udongo uliopoa kuliko ile ya tikiti. Hiyo ni faida kubwa, ila majani yaliyo juu yanabaki ya tikiti, na usiku wa baridi kali yataumia.

Ushahidi wa vinasaba unaelekea huko huko. Mwaka 1992, Rosario Provvidenti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliripoti uhimilivu wa baridi katika mbegu zilizotoka Zimbabwe. Nyumba ya kioo ilipokaa chini ya nyuzijoto 20 kwa muda mrefu, aina ya Kimarekani iitwayo New Hampshire Midget ilipata mabaka majanini; mimea ya Zimbabwe haikudhurika hivyo, na tofauti hiyo ilihusishwa na jeni moja tawala, Ctr. Lakini mbegu hizo hizo za Zimbabwe zina jeni nyingine, slv, inayoyatia majani ya mche madoa baridi inapoingia. New Hampshire Midget, kwa upande wake, ilizalishwa kwa ajili ya majira mafupi ya kaskazini. Kuwahi kukomaa hakukuipa kinga dhidi ya baridi, na hapa ndipo wauzaji wa mbegu wanapowachanganya wakulima wengi.

Kuna pia suala la kipimo. Mche uliovumilia saa chache kwenye nyuzijoto 4 gizani haujathibitisha kwamba utastahimili wiki mbili za nyuzijoto 15 juani. Ripoti isiyotaja kiwango cha joto, muda, mwanga na umri wa mche haifai kutumika kuchagua mbegu.

Benki za mbegu za Arusha, Muguga na Lusaka zipo kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za asili za kanda hii. Watafiti wetu wazipime mbegu za asili za tikiti katika baridi halisi ya nyanda za juu, mizizi na majani kila kimoja kwa kipimo chake, kabla mbegu za Afrika hazijaturudia kwa bei ya kigeni.